Inaamka au Inaamshwa? Maradhi ya Usingizi wa Tarakilishi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya usingizi. Mtu husinzia akiwa bado ameketi, hupitiwa na lepe la usingizi, hulala usingizi wa mang'amung'amu, asiwe miongoni mwa walio macho wala miongoni mwa waliolala, hulala fofofo, na akizidi, husemwa kuwa amelala usingizi wa pono, yule samaki asifikaye kwa kulala. Aliyekwisha kulala naye anaweza kukoroma, kuweweseka, kushtuka au kukabwa na jinamizi. Ajabu ni kwamba utajiri huu wote huachwa mlangoni pindi mtu anapoketi mbele ya tarakilishi. Hapo hubakia kauli mbili tu: 'imelala' na 'hailali'. Makala haya yanaangazia kisa cha mwanafunzi mmoja wa uzamili ambaye kauli hiyo ya pili nusura imgharimu mashine yake, na namna kitenzi kilichonyambuliwa vyema kilivyomtoa mashakani.

Mwanafunzi huyo alikuwa akiandika tasnifu kuhusu bembelezi, yaani nyimbo za kuwalaza watoto, kama zinavyoimbwa na wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa. Mnamo mwaka 2022 alikaa huko miezi miwili akirekodi. Sauti za waimbaji 11, pamoja na unukuzi wake, zilikuwa ndani ya kipakatalishi alichonunuliwa na mamake kwa mkopo wa chama cha akina mama mtaani kwao. Hakikuwa kipya, kilikuwa kimetumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kufika Nairobi. Wenzake bwenini hawakuacha kumtania. Neno kipakatalishi, walisema, limetokana na kitenzi kupakata, na kinachopakatwa kwa kawaida ni mtoto. Basi tazameni, mtafiti wa bembelezi amempakata mtoto asiyelala.

Utani huo ulikuwa na ukweli mchungu ndani yake. Jioni alikuwa akifunga kifuniko, kile kitaa kidogo cha ubavuni kikianza kumemeta polepole kuashiria kwamba mashine imelala, naye akiitia mkobani na kupanda matatu kurudi bwenini. Siku nyingine alifika akaikuta baridi kama alivyoiacha. Siku nyingine aliikuta vuguvugu. Na siku nyingine, kabla hata hajaufungua mkoba, alihisi joto likipenya hadi mgongoni. Alipofungua, kipepeo cha ndani kilikuwa kikivuma au kimekwisha kunyamaza kwa kuwa betri ilikuwa imekauka. Jioni moja ya namna hiyo ilimeza unukuzi wa ubeti ambao mwimbaji wake, mama wa makamo, alikuwa ameuimba kwa Kimvita cha zamani. Mwanafunzi alikuwa ameirudia sauti hiyo mara nyingi mchana kutwa ili apate neno moja tu lililofichwa na kilio cha mtoto. Sauti ilisalia diskini salama. Kazi ya mchana ilikuwa imeyeyuka.

Lililomtatiza zaidi halikuwa ubaya wa hitilafu bali kigeugeu chake. Mashine isiyolala kabisa ina heri, kwa kuwa mwenyewe atajua kuizima kila mara. Mashine inayolala kila mara nayo ina heri. Ile inayolala leo na kukesha kesho humfanya mwenyewe aanze kuishuku hata mikono yake. Je, alifunga kifuniko vizuri? Je, kile kitaa kilimemeta kweli au alidhani tu? Isitoshe, alipoipeleka kwa mafundi wawili wa mjini, mashine ililala mbele yao kwa adabu zote. Wa kwanza alipendekeza kila kitu kifutwe na programu zote zipachikwe upya. Wa pili alitoa uamuzi kwamba ubao mkuu unaobeba saketi zote umeharibika na sharti ubadilishwe, kwa gharama iliyozidi nusu ya bei ya kipakatalishi chenyewe. Mkopo wa chama ulikuwa bado haujalipwa wote. Mwanafunzi alirudi bwenini akijiuliza atamwambia nini mama.

Kabla ya kuendelea na kisa, inafaa ieleweke mashine hulalaje. Mnamo Desemba 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja ziitwazo ACPI, ambazo zilikabidhi programu-endeshi jukumu la kusimamia matumizi ya umeme. Kanuni hizo ziliorodhesha hali za mashine kwa herufi S na tarakimu. S0 ni kuwa macho. S1 hadi S4 ni vina vya usingizi, kimoja kikizidi kingine. S5 ni kuzimika. Katika S3, ambao ndio usingizi uliozoeleka kwa vipakatalishi vingi vya miaka hiyo, kichakato, diski na kiwambo hunyimwa umeme, ila kumbukumbu ya muda huachiwa kiasi kidogo. Sababu ni kwamba kila chembe ya kumbukumbu hiyo hushika chaji ya umeme inayovuja kama maji katika pakacha, na kwa kawaida huhitaji kuhuishwa angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Mashine iliyolala, kwa hiyo, haijanyamaza. Inajirudia moyoni, zaidi ya mara kumi kwa sekunde, yote iliyokuwa ikiyafikiri, isije ikasahau. Betri ikiisha, kumbukumbu hupotea. Katika S4 mambo ni tofauti: yaliyo katika kumbukumbu hunakiliwa diskini, kisha mashine huzimika. Hapo hata betri ikitolewa, siku ya kuamka kila kitu hurejea mahali pake.

Hali kadhalika, kuna aina ya usingizi iliyozuka baadaye. Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, baadhi ya mashine haziingii S3 kamwe. Hubaki katika S0, zikipunguza pumzi tu na kuendelea kusikiliza mtandao. Haziko macho, hazijalala. Anayetafuta istilahi ya hali hiyo hana haja ya kuikopa popote, kwani mang'amung'amu ipo, na ilikuwapo kabla ya umeme.

Turudi kwa mwanafunzi. Aliyemsaidia hatimaye hakuwa fundi mwenye duka, bali mhudumu wa chumba cha tarakilishi katika idara, mzaliwa wa Kilifi, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuigusa mashine. Kisha akauliza, “Dada, inaamka au inaamshwa?”

Mwanafunzi alitabasamu akidhani ni mzaha. “Kaka, si ni mamoja? Mimi naikuta iko macho.”

“Si mamoja. Wewe ndiwe mwanafunzi wa Kiswahili. Kinachoamka huamka chenyewe. Kinachoamshwa kina mwenye kukiamsha. Na pengine haikuamka wala haikuamshwa. Pengine haikulala tangu mwanzo, kwa kuwa kuna anayeikesheza. Hayo ni maradhi matatu. Ukiniletea yote kwa jina moja, nitakupa dawa moja, na itakuwa si yake.”

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika darasa la sarufi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba kauli ya kutendwa humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima, lakini haimfuti. Anaweza kurejeshwa kwa kiunganishi 'na': mtoto ameamshwa na nani? Kauli ya kutendesha humleta mtu anayesababisha tendo. Kauli ya kutendeka huzungumzia uwezekano: kitu chenyewe kinalazika au hakilaziki? Mwanafunzi huyu alikuwa ameijibia mtihani mada hiyo mara kadhaa akapasi. Hakuwahi kufikiri kwamba ni orodha ya maswali ya utabibu. 'Hailali' haina mtenda mwingine isipokuwa mashine yenyewe. Anayeitumia amekwisha kuihukumu mashine hata kabla ya kuichunguza. Ndiyo maana fundi wa pili aliona ubao mbovu. Kauli aliyoletewa haikuwa na mshukiwa mwingine.

Mhudumu alimwelekeza aweke shajara ya usingizi. Kwa kila safari aandike saa ya kufunga kifuniko, programu zilizoachwa wazi, vifaa vilivyochomekwa, kiwango cha betri wakati wa kuondoka na wakati wa kufika, na kama mashine imefika baridi, vuguvugu au moto. Alimwonya asibadilishe chochote katika muda huo. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja na mambo yakatengemaa hatajua amshukuru nani. Na yasipotengemaa, hatajua amlaumu nani. Baada ya safari 12 shajara ilionyesha kwamba mashine ilifika baridi mara tano, vuguvugu mara nne na moto mara tatu. Kilichokuwa kigeugeu kilianza kuwa na sura.

Siku iliyofuata walikaa pamoja. Programu-endeshi ya Windows ina chombo kiitwacho powercfg, kinachoandikiwa amri katika dirisha jeusi la maandishi, na ambacho ni kama mlinzi wa usiku anayekumbuka waliopita. Amri ya kwanza, powercfg /lastwake, huuliza ni nani aliyeiamsha mashine mara ya mwisho. Jibu lilitaja kitovu cha matundu ya USB. Ya pili, powercfg /devicequery wake_armed, huorodhesha vifaa vilivyopewa ruhusa ya kuamsha. Miongoni mwavyo kilikuwamo kipanya kisichotumia waya, ambacho kipokezi chake kidogo kilikaa kimechomekwa ubavuni mwa mashine siku zote. Mwanafunzi aliitazama tena shajara. Kipanya hicho kilikuwa na swichi tumboni, ambayo siku nyingine aliizima na siku nyingine aliisahau. Mkoba ukitikiswa na matatu, kipanya kilichoachwa wazi nacho husogea. Kikisogea, hutuma ishara. Na mashine, kama mlezi mwepesi wa usingizi, huitika.

Hata hivyo, jibu hilo lilieleza nusu tu. Mashine iliyoamshwa na kuachwa bila kuguswa ilipaswa kulala tena baada ya robo saa, kwani ndivyo ilivyopangwa. Kwa nini mara nne ilifika vuguvugu tu, na mara tatu ikakesha hadi betri ikakauka? Amri ya tatu, powercfg /requests, huuliza ni nani wakati huo anayeizuia mashine isilale. Waliiendesha mara mbili. Ya kwanza, programu ya unukuzi ikiwa wazi lakini imesimamishwa: jibu lilisema kwamba mkondo wa sauti unatumika. Ya pili, baada ya programu hiyo kufungwa: orodha ilikuwa tupu. Programu ile, hata ilipokuwa kimya, ilikuwa imeushika mlango wa sauti na kukataa kuuachia, na Windows haiiruhusu mashine kulala yenyewe maadamu inaamini kuna mtu anasikiliza. Mtu akifunga kifuniko, mashine hutii. Lakini ikishaamshwa, hairudi kulala. Kikulacho ki nguoni mwako. Sauti za wanawake wanaowalaza watoto ndizo zilizoikesheza mashine.

Hapo shajara ilisomeka kama ubeti uliopata vina. Mara tano ambazo kipanya kilikuwa kimezimwa, mashine haikuamshwa na ilifika baridi, hata pale programu ilipokuwa wazi. Mara nne kipanya kilikuwa wazi na programu imefungwa. Mashine iliamshwa njiani, ikalala, ikaamshwa tena, ikafika vuguvugu. Mara tatu yote mawili yalikutana: mmoja aliamsha, mwingine akazuia isilale tena. Hakuna kati ya wawili hao ambaye peke yake angeweza kuikausha betri. Hitilafu iliyoonekana kuwa haina kanuni ilikuwa na kanuni kamili, ila ilihitaji watenda wawili, na kila fundi alikuwa akimtafuta mmoja. Funzo hili lina manufaa nje ya tarakilishi pia. Pale mtu anapolazimika kusema 'wakati mwingine', mara nyingi kuna masharti mawili au zaidi ambayo hukutana siku fulani na kupishana siku nyingine. Kinachofaa kuulizwa ni masharti yepi hukutana.

Lilibaki swali la tatu, nalo ndilo lililohusu unukuzi uliopotea. Mashine nyingi, betri inapokaribia kukauka, huingia S4 zenyewe ili kuokoa kilichomo. Hii haikufanya hivyo. Amri ya powercfg /a, inayoorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, ilifichua kwamba S3 ipo, lakini usingizi wa S4 umelemazwa. Yamkini yeyote aliyeitengeneza kabla haijauzwa aliuondoa ili kupata nafasi diskini, kwa kuwa faili inayohifadhi kumbukumbu hiyo huchukua gigabaiti kadhaa. Kwa hivyo mashine ilikuwa ikikesha bila kitanda cha kuangukia.

Tiba ilichukua muda mfupi kuliko uchunguzi, kama ilivyo kwa tiba nyingi zilizo sahihi. Kipanya kilinyang'anywa ruhusa ya kuamsha katika ukurasa wa mipangilio yake, kikaachiwa kazi yake ya kuelekeza. Amri ya powercfg /h on, iliyoandikwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, ilirejesha usingizi wa S4. Mpangilio wa kifuniko ulibadilishwa ili, mashine inapotumia betri, kukifunga kuwe ni kuitia katika S4 badala ya S3; kuamka kungechukua sekunde kadhaa zaidi, lakini mkobani hakungekuwa na kitu cha kuamshwa. Vilevile mwanafunzi alijizoeza kuifunga programu ya unukuzi kabla ya kuondoka. Hakuna kilichonunuliwa. Ubao mkuu uliohukumiwa kuwa mbovu uliendelea na kazi, na tasnifu ikaandikwa juu yake. Mwanafunzi alimpigia mama simu jioni hiyo, asimweleze habari za S3 wala S4. Alimwambia tu kwamba kile kitu kimepona. Mama aliuliza kilikuwa kikiugua nini, naye akajibu, “Kilikuwa kinaamshwa, Mama.” Mama, aliyelea watoto watano, alielewa bila ufafanuzi.

Ikumbukwe kwamba wanaisimu na watunzi wa istilahi wamejitahidi kwa miaka mingi kukipa Kiswahili nafasi katika uwanja huu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Majadiliano kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi yamejaza kurasa nyingi za majarida na saa nyingi za makongamano. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Lakini kwa sehemu kubwa zimekuwa juhudi za nomino: kifaa hiki kiitweje, kile kiitweje. Maradhi ya mashine hayaelezwi kwa nomino pekee. Huelezwa kwa vitenzi, na hasa kwa viambishi vidogo vinavyokaa mwishoni mwa vitenzi, ambavyo Kiswahili kimejaaliwa kuliko lugha nyingi. Mgonjwa asemaye 'naumwa' na asemaye 'naumizwa' hawaendi kwa daktari mmoja. Mhudumu wa Kilifi hakutumia hata istilahi moja ngumu katika swali lake la kwanza. Alitumia kiambishi -w-.

Pendekezo linalojitokeza hapa ni dogo. Ikiwa istilahi za hali za mashine zitahitajika, zipo tayari vinywani mwa watu: lepe kwa kiwambo kilichozimika huku mashine iko macho, mang'amung'amu kwa ile inayopumua polepole ikisikiliza mtandao, usingizi kwa S3, usingizi wa pono kwa S4. Wataalamu wanaweza kuzipima na kuzikosoa. Ila kabla ya istilahi, wanafunzi wa idara za Kiswahili wazoee kuuliza maswali ya kitenzi wanapokabiliwa na kitu kilichoharibika: tendo ni lipi, mtenda ni nani, na je, kuna anayesababisha?

Mwanafunzi yule aliyaandika maswali hayo kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, pamoja na amri nne za powercfg na maelezo ya kila moja, akaubandika mlangoni mwa chumba cha tarakilishi. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mashine zinazokeshezwa, ya pili ya zile zinazoamshwa. Baada ya juma moja, mtu alikuwa ameongeza chini kwa penseli: 'Na ile inayolala isiamke tena?' Chini ya swali hilo, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa mhudumu, palikuwa na jibu: 'Hiyo haikulala. Imezirai. Njoo nayo.'